Wakuu, hiki kifaa cha Gerezani, Dar, ni cha nini?

Wakuu habari, juzi nimepita Gerezani kwenye vyuma chakavu nikachukua kitu kama plaizi, kizito, ukibana mikono kuna kijipini kinachomoza kinagonga kigurudumu chenye namba pembezoni, ubavuni kimeandikwa Eclipse 77. Muuzaji mwenyewe hakijui. Ni cha nini?

Fundi Mbao: Mkuu hicho ni cha kulazia meno ya msumeno! Meno yanalazwa moja kushoto moja kulia ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bamba la msumeno, la sivyo msumeno unanasa kwenye mbao. Namba ni meno kwa inchi, zungusha mpaka namba ya msumeno wako ndo ubane. Ni mali ya Sheffield, Uingereza, usikiuze aisee.

Mzee wa Randa: Nakazia. Laza ncha tu, ukikunja mpaka shina jino linakatika. Unaruka moja moja, ukifika mwisho unageuza msumeno unarudia yaliyobaki.

Muuliza: Asanteni sana wakuu. Kina kutu kweli, nipige grainda?

Mzee wa Randa: Hapana! Utazifuta namba. Loweka mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi brashi ya waya, kisha oili kidogo kwenye springi.