Vidonge vya vitamini vinanitoa mabaka. Je, ni ile salfa yangu ya utotoni?

Mama Wawili, Tandahimba

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika mtoto kanilalia kifuani, herufi zikipishana mniwie radhi.

Nina mtoto wa miezi mitano. Mwezi uliopita nilipimwa damu zahanati ikaonekana 9.2, na kweli nilikuwa nachoka hata kuteka ndoo moja. Shemeji yangu alikuwa anatoka Mtwara mjini, akaniletea kopo la vitamini mchanganyiko, vidonge vya rangi ya njano vinavyong'aa, shilingi 12,000. Akaniambia kimoja kila siku baada ya chakula cha usiku.

Siku mbili za mwanzo sikuona kitu. Usiku wa tatu, kama saa tano, nikaamka najikuna. Mabaka mapana yaliyovimba tumboni na mapajani, mekundu pembeni, katikati meupe. Ukilikuna hili, jingine linatokea mgongoni. Asubuhi yakawa yamefifia, nikadhani ni siafu au jasho la shuka. Usiku wa nne nikameza tena. Yakarudi, na safari hii mdomo wa juu ukavimba mpaka mume wangu akawasha tochi kuniangalia. Pumzi haikubana. Nikaacha vidonge siku ileile, na baada ya siku mbili ngozi ikawa safi.

Sasa kinachonitisha ni hiki. Mwaka 1999, nikiwa darasa la tatu, nilipewa dawa za salfa kwa kikohozi. Ngozi ilibabuka, mdomo ukajaa vidonda, nikalazwa siku kumi na mbili. Mama alikuwa akininywesha uji kwa kijiko cha chai. Tangu hapo kadi zangu zote zimeandikwa "aleji ya salfa", na mimba zote mbili sikumeza zile dawa za malaria za kliniki. Tena huku kwetu mwezi Juni na Julai watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Upepo ukielekea nyumbani macho yananichoma na nakohoa kutwa nzima. Nikasema ndiyo hiyohiyo aleji.

Juzi nikachukua lile kopo nikalisoma kwa makini: ferasi salfeti, zinki salfeti. Mikono ilinitetemeka. Nikalifungia kabatini juu kabisa.

Je, ni salfa? Na kama ni salfa, damu nitaipandisha na nini, maana hata vile vidonge vyekundu vya zahanati nasikia navyo vina salfeti?

Mzee wa Nachingwea

Pole mwanangu. Achana na makopo. Chuma majani ya mlonge, anika kivulini, twanga, weka kijiko kwenye uji asubuhi na jioni. Mke wangu alipona damu kwa mlonge, matembele na dagaa. Vya dukani vina kemikali nyingi.

Nesi Mstaafu, Lindi

Pole mama. Swali moja kabla hatujaenda mbali: wiki ile ulibangua korosho? Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na nimeona akina mama wengi wakilaumu dawa kumbe ni mikono iliyotoka kubangua.

Mama Wawili, Tandahimba

Shikamoo mama. Hapana, sikushika korosho. Na mikononi hapakuwa na kitu, ni tumbo, mapaja na mgongo.

Mfamasia, Mtwara Mjini

Dada pole sana, na hongera kwa mtoto. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili nakutana nalo dirishani kila msimu wa kupuliza.

Neno "salfa" tunalitumia kwa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni dawa kama kotrimoksazoli, ambayo wengi mnaiita Septrin, na SP, ile dawa ya malaria ya wajawazito. Ndani yake mna kemikali inayoitwa sulfonamaidi. Mwaka 1999 mwili wako uliikataa kemikali hiyo, na kwa jinsi unavyosimulia kubabuka na vidonda vya mdomoni, uliikataa vibaya. Hizo usiziguse maisha yako yote, na kukataa SP ulifanya sahihi kabisa.

Cha pili ni unga wa salfa wa mikorosho. Ule ni salfa tupu. Unachoma macho na koo la mtu yeyote anayeuvuta, mwenye aleji na asiye nayo. Funga madirisha, anua nguo na funika maji wakipuliza. Lakini ule hauna undugu na kilichokulaza.

Cha tatu ni salfeti. Hiyo ni chumvi tu, imo hata kwenye maji ya visima vingi. Aliyedhurika na dawa za sulfonamaidi anaweza kumeza ferasi salfeti. Salfa yenyewe imo kwenye mayai, vitunguu, hata kwenye vitamini B1, nawe unakula kila siku. Nalisisitiza hili kwa sababu mjamzito akipata kifafa cha mimba huchomwa magnesiamu salfeti, na ndiyo inayomwokoa. Sitaki siku moja dada kama wewe aikatae kwa ajili ya neno lililoandikwa nusunusu kwenye kadi.

Sasa mabaka. Simulizi yako inafanana na mzio wa kweli: yanahama, yanavimba, mdomo nao ukavimba. Wapo wanaomeza vitamini B3 ya aina ya niasini kwa dozi kubwa, uso na kifua vikawaka moto ndani ya nusu saa kama wamepakwa pilipili, halafu vikatulia baada ya saa moja au mbili. Huo si mzio, na wako si huo. Mara nyingi anayesababisha si vitamini yenyewe bali kilichobebea vitamini: rangi, jelatini ya ng'ombe au nguruwe kwenye vidonge laini, mafuta ya soya, ya karanga au ya samaki. Kidonge cha njano kinachong'aa, mimi ningetazama kwanza rangi. Tafuta pembeni mwa kopo neno tatrazini au namba E102. Baadhi ya watu hutoka mabaka kwa rangi hiyo, hasa wanaosumbuliwa pia na aspirini.

Usikijaribu tena nyumbani hata nusu, maana mdomo umeshavimba mara moja. Ikitokea ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana au kizunguzungu cha kuanguka, usikae kungoja Piriton ifanye kazi. Hiyo hutuliza kuwashwa tu. Panda pikipiki uende kituo cha afya, dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani.

Kopo usilitupe. Nenda nalo zahanati, waonyeshe, na waombe wajaze fomu ya madhara ya dawa iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Mzee wangu wa Nachingwea, shikamoo. Mboga na dagaa ni vyema na aendelee navyo, ila kwa damu ya 9.2 na mtoto ananyonya, mlonge peke yake utachelewa. Na mlonge mwingi huendesha tumbo.

Mzee wa Nachingwea

Marahaba. Nimekuelewa mwanangu. Mboga na vidonge viende pamoja.

Kijana wa Mikindani

Mimi nikinywa vitamini C ile ya kuyeyusha kwenye maji, gramu moja, tumbo linaunguruma na kuharisha. Hiyo nayo ni aleji?

Nesi Mstaafu, Lindi

Hapana baba, hiyo ni dozi kubwa kwa tumbo lako. Punguza au acha. Kuanzia mwezi wa kumi mabibo yanaoza chini ya mikorosho, na bibo lina vitamini C kuliko chungwa. Kula mawili, inatosha.

Mama Wawili, ukianza vidonge vya madini chuma, meza na maji ya limao au ukwaju. Chai ya rangi isubiri angalau saa moja, inazuia madini kuingia mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope.

Mama Wawili, Tandahimba

Nimerudi baada ya wiki tatu. Ahsanteni sana, na mfamasia Mungu akuzidishie.

Nilikwenda zahanati na kopo kwenye mfuko wa rambo. Daktari akaligeuza geuza, akasoma kwa sauti: tatrazini, E102, ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya orodha. Akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo yenyewe bila vipimo, ila kwa kuwa ipo na rangi ile mwili hauihitaji kwa lolote, niiepuke. Fomu ilijazwa mbele yangu.

Vile vyekundu vya zahanati alitafuta kasha lake akasoma vilivyomo, E102 hamkuwa. Kidonge cha kwanza nilimezea palepale. Nikakalishwa kwenye benchi chini ya mwembe saa nzima, mtoto mapajani, nesi akipita kila mara kuniangalia mdomo. Nilikuwa najipapasa tumbo kila dakika. Hakikutoka kitu. Usiku ule sikulala vizuri kwa hofu, nikimulika mapaja kwa simu. Hakikutoka kitu. Leo ni siku ya kumi na saba, choo cheusi kama mama nesi alivyosema, na ndoo mbili nateka bila kukaa chini. Damu napimwa tena mwisho wa mwezi.

Kadi yangu daktari amefuta "aleji ya salfa" iliyokaa miaka yote hiyo. Ameandika kwa wino mwekundu: "Kotrimoksazoli, 1999, ngozi kubabuka na vidonda mdomoni. Asipewe SP wala dawa yoyote ya sulfonamaidi. Salfeti anaruhusiwa." Nimeipiga picha nikamtumia mama yangu, dada zangu, na mume wangu kaambiwa aijue kwa kichwa.

Naomba niulize jingine. Kabatini nimekuta pakiti ya juisi ya unga ya njano tuliyonunua Idi, nayo imeandikwa E102. Na siku ile ya Idi mgongo uliniwasha usiku kucha, nikasema ni joto. Mwanangu mkubwa wa miaka sita anaipenda sana juisi ile na hajawahi kujikuna. Nimzuie na yeye, au aendelee?

Mfamasia, Mtwara Mjini

Kama hajawahi kujikuna hana sababu ya kukatazwa kwa ajili yako. Ila wewe usionje, hata glasi ya kumalizia ya mtoto. Na siku hiyo ya Idi iandike kwenye kadi chini ya maneno ya daktari.