"Tuma na ya kutolea": hiyo ya kutolea ni ya nani kulipa?

Mwenye mada: Niko Busia, upande wetu wa Uganda. Juzi jioni niliagiza roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili kwa kijana mwenye sigiri karibu na steji ya boda. Bei 3,000. Mfukoni nilikuwa na funguo tu, nikamwambia nakutumia kwa simu. Hakuinua hata macho: "Sawa kaka, tuma na ya kutolea." Yaani niongeze ada atakayokatwa akitoa pesa kwa wakala. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Kwani siku hizi chapati nayo inalipiwa nauli?" Basi pakachafuka. Kila mtu akawa na lake, chapati ikaungua upande mmoja, na ndiyo niliyokula mimi.

Msimamo wangu: anayetaka kulipa kwa simu aweke ya kutolea. Bei ikitajwa barabarani ni ya pesa inayofika mkononi. Yule kijana unga na makaa ananunua kwa keshi alfajiri. Ukimtumia 3,000 kavu, wakala akishakata, faida ya yai moja imekwenda. Ada ya kutoa inakwenda kwa madaraja, kwa hiyo kiasi kidogo ndicho kinachoumia zaidi.

Msiniambie ni kodi. Kodi ya pesa za simu ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1, kuweka, kutuma na kutoa. Watu walipiga kelele, mwanamuziki na mbunge Bobi Wine akaingia barabarani Kampala, na kabla mwaka haujaisha ikabaki asilimia 0.5 ya kutoa peke yake. Kwenye laki moja ni 500. Kwenye roleksi yangu ni shilingi 15, haina kesi. Kinachomla kijana ni ada ya kampuni. Haya, semeni.

Wa steji: Mimi ni boda. Bei zangu mbili nazitaja kabla abiria hajapanda: 2,000 mkononi, 2,500 kwa simu. Ugomvi unakuja pale mtu ameshafika, ameshashuka, ndiyo anatoa simu. Tena wengine wanakuonyesha ujumbe wa wiki iliyopita, kidole kimefunika tarehe. Siku hizi siwashi pikipiki kuondoka mpaka simu yangu mwenyewe ilie.

Mteja wa Tororo: Mwenye mada, unatuonea. Nikituma nimeshakatwa ya kutuma. Unataka nikatwe tena ya mtu mwingine? Na nani kakuambia wanatoa? Mama ninayenunua kwake sukari hatoi hata senti. Pesa hiyo hiyo ananunulia Yaka (umeme wa kulipia kabla), analipia karo, anaagizia mzigo, yote humo humo kwenye simu. Ya kutolea anabaki nayo. Hiyo ni bei iliyopandishwa, wameipa jina la heshima tu.

Mzee wa keshi: Mnabishana nini? Bebeni pesa. Februari 2016, siku ya kura, pesa za simu zilizimwa nchi nzima. Nilikuwa Kampala na laini imejaa, nikashindwa kununua chupa ya maji. Tangu hapo noti ya 20,000 haitoki kwenye soksi yangu.

Wa steji: Mzee, kwenye soksi? Na sisi ndio tunapokea hizo noti!

Mwenye mada: Ndugu wa Tororo, umenipiga pabaya. Jana nilimuuliza dada yangu, anauza mitumba, mzigo analipia kwa simu. Nikamwambia, dada, hiyo ya kutolea unayotudai kila siku unapeleka wapi? Alicheka mpaka akakaa chini. Ananunulia bando. Na kwenye bando serikali inachukua asilimia 12 tangu Julai 2021, ile kodi ya 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipofutwa. Kwa hiyo hata ya kutolea inatozwa kodi, ila kwa mlango mwingine.

Nikarudi kwa kijana wa roleksi leo mchana, kabla foleni haijakolea. Yeye anatoa kweli, hilo sikukosea. Ila anatoa mara moja tu, usiku akishazima sigiri, pesa ya siku nzima kwa pamoja. Ada moja. Na wateja wa simu tulikuwa kumi na kitu, kila mmoja kaweka ya kwake.

Nikamuuliza, sasa zile nyingine? Akasema, "Kaka, kuna siku wakala hana keshi, natembea mpaka kwa mwingine. Na wewe ukitumia boda unalipa." Sikuwa na jibu la haraka. Nikasema basi leo nakutumia 3,000 kavu, ongeza na wenzangu upate ada yako moja. Akafikiria kidogo, akakubali, lakini nyanya safari hii zilikuwa vipande viwili.

Mteja wa Tororo: Ungelipa keshi angekuwekea ngapi?

Mwenye mada: Nitajua kesho. Nimeshatoa 10,000.

Mteja wa Tororo: Ada ya kutoa nani kalipa?