Tenzi za nyanya kwa maiki mbili: prosesa ya kuigiza maiki itaziunganisha?

MwanaMkomani:

Asalam aleikum jamani. Namrekodi nyanya yangu akisoma tenzi alizohifadhi tangu utotoni, hapa hapa nyumbani Mkomani, Amu (mji wa Lamu). Nusu ya kwanza nilitumia maiki ya kuazima, Rode NT1-A, ikatoka vizuri kweli. Pumzi zake unazisikia, na ule mkwaruzo mdogo wa sauti mwisho wa mshororo haukupotea. Mwenye maiki akarudi nayo Nairobi. Nusu ya pili nikaendelea na Shure SM58 ya madrasa. Nikisikiliza kwa hedifoni, ubeti huu nyanya yumo chumbani nami, ubeti unaofuata ni kama ametoka akafunga mlango.

Sasa kuna bwana hapa mjini anauza prosesa ya zamani ya Antares, AMM-1, ya kuigiza maiki. Unaiambia ni maiki gani uliyotumia na ni ipi unayoitaka, nayo inageuza sauti. Hata Neumann U 87 imo, ati. Je, yaweza kuivuta nusu ya 58 ifanane na ya kwanza? Kumsomesha upya tenzi zote sitaki. Anachoka, na isitoshe hasomi mara mbili kwa namna moja.

Shela_Biti:

Dada usitupe pesa. Hiyo ni ikwalaiza tu, ya kupandisha na kushusha besi na trebo, yenye jina refu. Programu nyingi za kurekodi zina ikwalaiza ya bure. Ongeza trebo, punguza katikati, umemaliza.

FundiKanda:

Wa aleikum salam mwanangu. Nimekata kanda za harusi na kasida Malindi tangu enzi za kaseti, na mashine za namna hii zimepita mikononi mwangu. Huyu kijana wa Shela hajakosea sana, ila ameruka mengi.

Kwanza sahau U 87. Ni maiki ya mwaka 1967, maarufu, ya maelfu ya dola, lakini haikuwahi kukanyaga chumba cha nyanya yako. Watu wakipewa orodha ya maiki hukimbilia iliyo ghali. Wewe unataka NT1-A na si nyingine, hata ingekuwa mbaya, kwa kuwa ndiyo iliyomsikia mara ya kwanza.

Prosesa yenyewe ina pande mbili. Upande wa chanzo unaiambia maiki uliyorekodia, kama ulitumia swichi ya kukata besi, na mdomo ulikuwa umbali gani. Upande wa pili unaiambia hayo hayo kuhusu maiki inayoigizwa. Ikishajua, inafuta tabia za ile na kuweka tabia za hii. Suala la umbali ndilo ambalo ikwalaiza ya kawaida haikuulizi. Maiki ya kuelekea mbele, kama hizo zako mbili, huongeza besi kadiri mdomo unavyoikaribia. Ukiidanganya prosesa kuhusu umbali, besi itakuja ya uongo. Basi kumbuka nyanya alikaa wapi. Nadhani 58 alikuwa ameishika karibu kabisa na mdomo, na ile Rode ilikuwa kwenye stendi, mbali kidogo. Au vipi?

Sasa mipaka yake. 58 huinua sauti kuanzia hezi 2,000 hivi mpaka karibu 10,000, kisha inashuka (hezi nyingi ni sauti nyembamba, chache ni nzito). Shure wenyewe wanaiandikia hezi 50 hadi 15,000. Rode inaendelea mpaka 20,000. Kile ambacho 58 haikukishika huko juu, mashine haiwezi kukizua. Itanyanyua kilichopo, na kilichopo zaidi ni mchakacho wa vifaa vyako. Tena 58 haina nguvu: kwa sauti ile ile Rode hutoa umeme mkubwa kuliko wake kwa zaidi ya desibeli 20. Bila shaka ulifungua geini, kile kitufe cha kukuza sauti ya maiki, karibu mwisho. Ukinyanyua trebo juu ya hapo utasikia mvua.

Kwa hiyo usiivute nusu ya pili peke yake. Zikutanishe njiani. Nusu ya kwanza ipunguze ung'avu kidogo, ya pili iongeze kidogo. Kupunguza hakuleti mchakacho. Najua inauma kuharibu kilicho kizuri, lakini msikilizaji hana habari kwamba mwanzo ulikuwa mzuri zaidi. Yeye atasikia pale tu mlango unapofungwa.

MwanaMkomani:

Ami, ahsante sana. Ndivyo hasa, 58 aliishika mkononi, na Rode ilikuwa kwenye stendi, kiasi cha mkono mmoja kutoka kwake. Lakini kuna kitu kingine. Kwenye ya kwanza chumba kinasikika, kile kimwangwi cha zidaka na dari ya boriti. Ya pili ni kavu. Mashine itaurudisha?

FundiKanda:

Hairudishi. Inaijua maiki, chumba haikijui. Tena sauti inayoingia maiki kwa ubavuni hubadilika kwa namna tofauti na ya mbele, na kila maiki ina ubavu wake. Mashine inachukulia kila kitu kimetoka mbele. Punda akilia nje ya dirisha itamgeuza kwa kipimo kile kile cha nyanya.

Fanya hivi. Nyanya akiwa na nafasi, muombe asome beti chache tu za ile nusu ya kwanza, kwa 58, akiwa amekaa palepale. Usiseme ni za kutumia, mwambie unajaribu maiki. Hapo utakuwa na maneno yale yale kwa maiki zote mbili. Weka moja juu ya nyingine na urekebishe ukisikiliza herufi: s na sh kwanza, halafu f, halafu besi ya b na m. Usirekebishe kwa kutazama mchoro kwenye skrini. Mipangilio ikishapatana kwa beti hizo, itumie kwa nusu yote ya pili.

Halafu rekodi chumba kitupu kwa dakika kadhaa, pangaboi limezimwa, hakuna anayesema. Ilaze sauti hiyo chini kabisa ya nusu ya pili. Na kimwangwi chenyewe, tia ribabu (mwangwi wa kutengenezwa na programu) kidogo, ndogo kuliko unavyodhani. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene lakini zina chokaa laini, mwangwi wake ni mfupi.

MalindiSauti:

Niongeze kidogo. Siku hizi kuna maiki za Sphere, zilizoanza na L22 ya Townsend Labs na sasa ziko chini ya Universal Audio. Maiki ni moja inayotoa sauti mbili, upande wa mbele na wa nyuma kila mmoja na njia yake. Programu inaigiza maiki nyingine, na hata mwelekeo wa maiki unabadilisha baada ya kurekodi. Hapo chanzo kinajulikana hasa, hakuna kubahatisha.

FundiKanda:

Kweli, na ni kitu kizuri, lakini cha kurekodia kesho. Yeye tayari ana ya jana.

MwanaMkomani:

Kwa hiyo nikinunue kisanduku au nisinunue?

FundiKanda:

Sauti yako imeshaingia kwenye kompyuta. Ukitumia kisanduku itabidi uitoe nje, uipitishe, uirudishe ndani, na kila kugeuza kunaondoa chembe. Antares hao hao, wale wa Auto-Tune, walitoa kazi hiyo hiyo kama programu, na zina toleo la majaribio mara nyingi. Anzia hapo. Isipopatana, ikwalaiza ya bure ya kijana wa Shela pamoja na zile beti za kulinganishia itakufikisha karibu sana. Pesa ya kisanduku weka ya kondensa (maiki nyeti ya aina ya ile Rode) yako mwenyewe, na uifunge kwenye mkebe wenye vipakiti vya silika vile vinavyokuja na viatu vipya. Unyevu wa bahari ya Amu hauiachi kondensa salama, sauti inaanza kupasukapasuka katikati ya ubeti.

Shela_Biti:

Nilisema mimi 😅

FundiKanda:

Ulisema nusu.

MwanaMkomani:

Nimejaribu beti kwa njia ya ami, kwa ikwalaiza tu. S zimekaribiana, m bado nzito upande wa 58. Yule bwana naye amepunguza bei leo asubuhi.

FundiKanda:

M nzito ni ule ukaribu wa mdomo. Kata chini ya hezi 200 polepole, usikate kwa mpigo. Na kabla ya kumjibu bwana, geuza kisanduku usome nyuma kimeandikwa volti ngapi. Kikiwa ni cha Marekani cha 120 ukakichomeka kwenye 240 zetu, hata hiyo bei ya leo asubuhi ni ghali.