Wakuu naombeni ushauri: kikao cha Ijumaa bwenini kimeniletea matatizo kazini

Mlezi wa Bweni: Wakuu habari za jioni. Ni mlezi wa bweni la wasichana kwenye chuo kimoja hapa nchini, jina nalihifadhi. Kila Ijumaa saa mbili usiku nakusanya mwaka wa kwanza ukumbini, tunapika uji wa karanga, dada zao wa mwaka wa tatu wanawaelekeza kusajili kozi, kusaini bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo), kuishi na mwenzako chumba kimoja. Nilianza kwa ajili ya binti mmoja wa Kibondo, alikuwa anashinda ndani pazia limefungwa, anatoka kuchota maji usiku watu wakishalala. Leo ndiye mkoroga uji na anawajua wote kwa majina. Sasa Mshauri wa Wanafunzi anataka kikao kisimame na nitoe maelezo kwa maandishi. Nijibuje? Barua nimeshaanza kuiandika.

Fundi Simu: Ngoja waje wenye uzoefu. Ila kwa uji wa karanga kila Ijumaa, na mimi nirudishwe mwaka wa kwanza.

Mkulima wa Ufuta: Umenikumbusha mbali dada. Enzi zetu ni kubebana, watu wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku yule kule. Niliyembeba ndiye aliyenisimamia ndoa. Bumu likichelewa tunachangia unga. Na hilo bumu bado nalilipa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa hata sijaishika.

Mama Wawili: Wazazi nao wanachangia. Binti anapelekwa chuo kama mzigo wa basi, akishashushwa basi, simu ni ya kuuliza matokeo tu. Hongera kwa kuwalea.

Afisa Mstaafu: Mleta mada, mtu haandikishwi maelezo kwa sababu ya uji. Kuna kitu umekiruka.

Mlezi wa Bweni: Sawa. Mwisho wa korido kuna stoo ya magodoro. Wanalala mabinti watatu humo. Wawili mkopo wao ulitoka wa ada tu, pesa ya malazi hawana. Ufunguo ninao mimi. Sijamficha mtu, bweni zima linajua.

Afisa Mstaafu: Na wa tatu?

Mlezi wa Bweni: Alidisko mwaka jana, yaani alifeli akaondolewa chuo. Kwao hawajui. Ndiye huyo wa Kibondo. Mnataka nimtoe aende wapi?

Chekecha: CHAI. Juu mwaka wa kwanza, chini kadisko. Na stoo tupu bwenini wakati watu wanagombania vitanda? Uzi wa kutunga huu.

Dada wa Dodoma: Chekecha soma vizuri, aliingia mwaka wa kwanza akadisko, kipi hakieleweki? Na stoo zipo, magodoro mabovu yanapangwa mpaka dari. UDSM hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017 na nafasi 3,840, wanafunzi ni mara kadhaa ya hapo. Vitanda havitoshi popote.

Chekecha: Basi atuambie hiyo stoo ikoje ndani.

Mlezi wa Bweni: Inanuka dawa ya kunguni. Dirisha limepigwa misumari kwa sababu ya wezi. Binti ana tranka la bluu, ndani kahifadhi kitambulisho cha chuo kilichokwisha muda, Ijumaa anakivaa shingoni. Kama ni chai, inywe.

Afisa Mstaafu: Dirisha lina misumari na watu wanalala humo! Ukitokea moto utamweleza nani? Watoke leo. Hao wawili wafuatilie rufaa Bodi ya Mikopo. Wa tatu aombe chuo upya, tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, si TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Ila kwao waambiwe, na aseme mwenyewe. Kikao kiombee kiwe chini ya ofisi ya Mshauri, kisiwe chako peke yako.

Mlezi wa Bweni: Barua yangu inazungumzia kikao tu. Stoo nitaimaliza taratibu, kimyakimya. Hawa watoto wameshazoeana, ukiwatawanya unawarudisha kule nilikowatoa.

Mama Wawili: Mimi ni mzazi. Angekuwa wangu ningetaka unipigie leo hii, hata ningekuwa shambani.

Mlezi wa Bweni: Nimeongea naye sasa hivi. Anaomba awaage wenzake Ijumaa, halafu apige simu nyumbani. Nimemkubalia. Wote watatu leo wanalala sebuleni kwangu.

Afisa Mstaafu: Hapo umefanya vema. Sasa stoo iandike kwenye barua kabla hawajaja kuifungua wenyewe.

Mlezi wa Bweni: Nikiiandika, mkataba wangu Juni hauongezwi.

Afisa Mstaafu: Hilo la mkataba ndilo ungeanza nalo. Njoo PM na rasimu ya barua.