Mnara wa simu kando ya nyumba: tunaogopa pasipostahili?

Mleta mada

Wakuu, heshima zenu. Mtaani kwetu kampuni moja ya minara imeshaelewana na mwenye kiwanja, msingi umechimbwa, na kikao cha serikali ya mtaa kimevunjika kwa kelele. Kundi moja linasema watoto watapata saratani. Jingine linasema hao ni washamba, tuacheni tupate mtandao.

Msimamo wangu ni huu, uchambueni mtakavyo: mnara ulio mita 50 ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote kwenye ubishi huu. Tunaushupalia kwa kuwa unaonekana. Simu inayobanwa sikioni ndiyo yenye maswali magumu, na hakuna aliyeiitishia kikao.

Wimbi likisafiri mbali na chanzo chake, uso wake hunyooka. Simama ufukweni Kigamboni wakati wa kusi: mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba mbali huko kusini hutawanyika kwa duara, lakini yakikufikia ni mistari mirefu iliyonyooka. Hilo ndilo wimbi bapa. Sasa njoo kwenye mnara. Mawimbi yake ya redio ya masafa ya megahezi 900 yana urefu wa wimbi wa sentimita 33 hivi. Ukiwa mita 50, uso wa wimbi hilo kwenye upana wa kifua chako umepinda chini ya milimita moja. Kwa mwili wako limenyooka.

Likishanyooka, hesabu inakuwa rahisi. Sehemu mbili za wimbi, uga wa umeme na uga wa sumaku (yaani nguvu zilizotanda hewani), vinafungamana, uwiano wao ni omu 377 na haubadiliki. Pima uga wa umeme peke yake, nguvu yote unaipata. Ndiyo maana ICNIRP, tume ya kimataifa inayoweka viwango vya mionzi hii, inataja kikomo kwa wati kwa mita ya mraba: kwa raia wa kawaida ni 4.5 kwenye megahezi 900.

Chukua kisambazi cha wati 20 chenye antena inayoielekeza nguvu upande mmoja mara 50. Kwa aliye mbele yake ni kama chanzo cha wati 1,000. Igawe kwenye eneo la tufe lenye nusu kipenyo cha mita 50, unapata wati 0.03 hivi kwa mita ya mraba. Weka visambazi kumi vyote vikielekea dirishani kwako, bado ni 0.3.

Simu sasa. Sentimita moja kutoka kwenye fuvu hakuna wimbi bapa. Ile 377 haina kazi tena, umeme na sumaku kila kimoja kinakwenda kivyake, na kichwa chako chenyewe kinabadilisha tabia ya antena. Hapo wanalazimika kupima nguvu inayofyonzwa na mwili: ICNIRP inaruhusu kichwani wati 2 kwa kilo, wastani wa gramu 10; Marekani ni 1.6, wastani wa gramu moja. Na simu hupandisha nguvu yake pale mnara ukiwa mbali. Tukiufukuza mnara, tunaongeza mionzi kwenye kitu kilichoko sikioni.

Jirani wa nguzo

Mkuu, hesabu nzuri, lakini mbona umeruka la msingi? Shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2011 liliiweka mionzi hii kundi la 2B, inayoweza kusababisha saratani. Kama hakuna tatizo waliiweka ya nini? Halafu wewe unahesabu mionzi. Mimi nilipokuwa nimepanga nyumba ya zamani, jenereta ya mnara ilikuwa inaunguruma usiku kucha, moshi unaingia chumbani kwa mtoto. Kodi anakula mwenye kiwanja, moshi tunakula sisi. Tulipolalamika tukaambiwa mionzi ni salama. Nani aliuliza mionzi?

Mleta mada

Kuhusu jenereta sina cha kubisha. Kelele, moshi na nguzo kuanguka ni hoja halali kabisa, na zingekuwa na nguvu zaidi kwenye kikao kama zisingefunikwa na saratani. Kuhusu 2B, kundi hilo lina hata dondoo la jani zima la mshubiri. Maana yake ni kwamba ushahidi ni finyu lakini haujafutika. Na ushahidi wenyewe uliowasukuma mwaka 2011 ulitoka hasa kwa watu wanaotumia sana simu mkononi. Unarudi kulekule sikioni.

Fundi wa juu

Nafanya kazi ya kupanda minara, niongeze kidogo. Mleta mada umesema mita 50 ni mbali. Mbali kwa nani? Kanuni yetu ya kujua wimbi linanyooka kuanzia umbali gani: zidisha urefu wa paneli, yaani antena bapa ya mnara, kwa wenyewe, zidisha kwa mbili, gawanya kwa urefu wa wimbi. Paneli ya mita mbili kwenye megahezi 900 inakupa mita 24. Panda hadi 1,800, inakuwa mita 48. Mjini sasa hivi antena zinafungwa juu ya paa, na ghorofa ya jirani iko mita 10. Huyo hayuko kwenye hesabu yako ya tufe.

Kwa haki niseme pia: akiwa karibu hivyo mbele ya paneli, hesabu ya tufe kwa kawaida inatoa namba kubwa kuliko hali halisi, kwa sababu mwale wa antena haujakusanyika bado. Ila sisi wenyewe hatusimami mbele ya paneli ikiwa hewani. Tunaomba izimwe kwanza.

Mwanachuo

Mimi nipo tofauti na wote. Wimbi bapa halipo duniani. Lingekuwepo kweli lingejaza ulimwengu mzima na lingehitaji nishati isiyo na mwisho. Tunawatuliza raia kwa kitu cha ubaoni?

Mleta mada

Halipo, kweli, na fizikia inaishi nalo vizuri tu. Mwaka 1912 mwanafizikia Laue na wenzake Munich walipopitisha eksirei kwenye fuwele, nadharia iliyoeleza yale madoa ilichukulia kwamba linaloingia ni wimbi bapa. Kwa njia hiyo tukajua atomu zimepangwaje. Mwanafizikia De Broglie aliposema elektroni nayo ina wimbi, elektroni huru iliandikwa hivyohivyo, kama wimbi bapa. Tarehe 14 Septemba 2015 wimbi la mvutano (mtikisiko wa nafasi yenyewe) lilipita Livingston, kisha Hanford takriban milisekunde 7 baadaye; hivyo ni vituo viwili vya Marekani vya kupima mawimbi hayo. Lilitoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 hivi, kwa hiyo kwenye kilomita 3,000 za kati ya vituo halikuwa na mpindo wa kupimika, na kuchelewa kule kukasaidia kukadiria lilikotoka.

Na uga wowote mchafu wa mbele ya paneli unaweza kuujenga kwa kujumlisha mawimbi bapa mengi ya pande tofauti; mwanahisabati Fourier alishatuachia hesabu hiyo. Swali la kuuliza ni kama kwa umbali huu kosa ni dogo. Mita 50 ni dogo. Mita 10, Fundi amejibu.

Jirani wa nguzo

Sawa. Basi kikao kijacho tudai nini, maana hizi omu mwenyekiti hazijui.

Mleta mada

Tudai mambo manne kwa maandishi. Vipimo vichukuliwe na mamlaka ya serikali, kampuni isijipime yenyewe. Vipimwe kwenye dirisha la ghorofa lililo karibu zaidi na paneli, saa za jioni watu wakiwa hewani, kwa masafa yote yanayorushwa pale. Vipimo virudiwe kila antena ikiongezwa, kwa sababu huwa wanaongeza kimyakimya. Na jenereta ikae upande wa mwenye kiwanja.

Fundi wa juu

Hilo la tatu ndilo litakalowaumiza.