Septemba 19 nimepewa nafasi ya kuongea kuhusu nyoka kijijini. Nimfanyeje baba mkubwa na jiwe lake?

Mama_Ufuta

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijiji kimoja huku Kilosa, upande wa bondeni kunakolimwa ufuta na mpunga. Septemba 19 ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu kuumwa na nyoka, na mwenyekiti wa kijiji amenipa nafasi kwenye mkutano, baada ya ajenda ya josho na kabla ya michango ya madarasa. Kwa anayeijua mikutano yetu, hapo ndipo kina mama wanaanza kunyanyuka kuwahi maji. Nina dakika chache sana.

Tarehe yenyewe imetukuta pazuri. Watu wanafyeka mashamba kungojea vuli, watoto wanatumwa kuni, kila mtu yuko kwenye majani makavu.

Tatizo langu siyo la kusema. Semina nimekwenda, najua tusichanje wala tusifunge kamba. Tatizo ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Ana jiwe jeusi la kunyonya sumu, analo tangu sijazaliwa. Mtu akiumwa anapelekwa kwake kwanza. Anachanja kidogo kwa wembe, analibandika, linanasa, na halitolewi mpaka lidondoke lenyewe, ndiyo wanasema limeshiba. Halafu linatiwa kwenye maziwa, yakitoa mapovu kila mtu anaitazama sumu ikitoka. Hachukui hata shilingi. Na ukweli ni kwamba wengi wanapona.

Msimu uliopita kijana mmoja aliumwa na kifutu kwenye kifundo cha mguu wakati wa kukusanya mafungu ya ufuta. Akalala kwa baba mkubwa, jiwe mguuni, mpaka asubuhi. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umevimba kupita goti, malengelenge tupu. Yu hai, ila nyama ya kisigino ilioza na sasa anatembea na fimbo.

Nikisimama niseme jiwe halina kazi, nimemwaibisha mzee mbele ya wajukuu zake, na nusu ya mkutano itakuwa upande wake. Nisiposema, nimekwenda kufanya nini pale? Mngekuwa nyie mngesemaje?

Boda_wa_Dumila

Dada yangu, sema ukweli, heshima baadaye. Mimi hawa nawabeba. Sijawahi kuitwa mtu akiwa ameumwa saa hiyo hiyo. Naitwa mguu umeshakuwa kama gogo, au mtu ameshindwa kumeza mate. Ukiuliza mlikuwa wapi muda wote, wanatazamana. Mwingine kafungwa kamba ya katani juu ya goti, mguu wa bluu. Mimi siyo daktari lakini hata mimi naona hapo shida ni kamba.

Na waambie wasitoke na nyoka. Kuna jamaa alinipandia na koboko aliyeuawa kwenye kiroba, eti akamwoneshe daktari. Nilikataa kuondoka mpaka akaacha kile kiroba.

Muuguzi_Mstaafu

Mama Ufuta, shikamoo yako nimeipokea hata hujaitoa, mwanangu. Nilikuwa muuguzi miaka mingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya Handeni, siku hizi nafuga mbuzi. Boda ana haki ya kukasirika, ila ukimfuata yeye utashangiliwa humu na kijijini utapoteza watu.

Kwanza lielewe hilo jiwe. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mkaa. Una vitundu vidogo vidogo vinavyofyonza majimaji, kwa hiyo ukigusa damu unanasa. Ukitiwa kwenye maziwa, hewa iliyomo vitunduni inatoka, hayo ndiyo mapovu. Chukua kipande cha tofali kavu ukitumbukize kwenye maji jikoni kwako, utaona mapovu yale yale na tofali halijaumwa na mtu. Meno ya kifutu ni marefu, yanaingiza sumu ndani ya nyama, na inaanza kusambaa wakati mzee bado anatafuta wembe.

Sasa mbona wengi wanapona? Kwa sababu wengi hawakuwa na sumu mwilini tangu mwanzo. Nyoka wengi tunaowakanyaga mashambani hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine anauma bila kuiachia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Piga hesabu. Nusu au zaidi ya walioumwa wangepona hata ungewabandika ganda la ndizi. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaobaki na ulemavu kama huyo kijana wako ni wengi kuliko hao.

Kwa hiyo baba mkubwa wako hadanganyi. Amewaona watu wakipona mikononi mwake, tena bila malipo. Ukimwita mwongo hadharani umekosea, na watu watajua umekosea.

Tulikuwa na bibi mmoja wa namna hiyo kwenye kata niliyofanyia kazi. Tulimwendea nyumbani, mimi na mganga mfawidhi, tukakaa kwenye mkeka, tukanywa uji wake. Hatukumwomba aache. Tulimwomba mambo mawili: wembe usitumike, na simu ipigwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Tukamwambia, bibi, watu wakiumwa wanakimbilia kwako, hawakimbilii kwetu, basi wewe ndiye utuamshe. Akakubali. Akawa anawalaza wagonjwa, anawatuliza, anawakemea ndugu wanaotaka kufunga kamba, na sauti yake ilisikika kuliko ya kwangu. Aliendelea kulibandika jiwe wakati pikipiki ikingojewa? Aliendelea. Nilifumba macho. Lisichanjiwe na lisimcheleweshe mtu, basi, na libaki hapo.

Mfundishe mzee kazi hii. Mgonjwa alale, asitembee, asikimbie. Mguu au mkono uliokumbwa ufungiwe banzi kama uliovunjika, ili usichezechezwe. Pete, bangili, shanga na viatu vivuliwe mapema, maana uvimbe ukija vitakuwa kamba vyenyewe. Alazwe ubavu wa kushoto, akitapika asipaliwe. Maumivu, ampe paracetamol. Asipirini na diklofenaki hapana, kuna nyoka wanaozuia damu kuganda na dawa hizo zinaongeza kuvuja. Asinyweshwe gongo wala mitishamba ya kutapisha. Kope zikianza kulegea, au mtu anaongea kama mlevi, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, ya koboko na jamaa zake, na hapo msisubiri hata gari. Huyo anaweza kushindwa kupumua ndani ya saa chache.

Pikipiki ndiyo ambulensi yetu, tusidanganyane. Mgonjwa akae katikati, mtu mwingine nyuma amshikilie. Mishikaki ya namna hiyo naamini hata askari wa barabarani ataielewa. Nepal walipanga pikipiki za vijijini kubeba walioumwa na nyoka kwa utaratibu huo huo, na vifo vilipungua sana.

Halafu pigeni simu hospitali kabla ya kuondoka, muulize: sindano ya nyoka ipo? Kuna mtu anapitishwa vituo vitatu, kila kimoja kinamwandikia rufaa. Dawa hizi ni adimu na ghali, na kuna sababu. Ilikuwepo moja iliyotegemewa sana Afrika, Fav-Afrique. Sanofi Pasteur waliacha kuitengeneza mwaka 2014 na chupa za mwisho zikaisha muda Juni 2016. Tena hutengenezwa kwa damu ya farasi aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo, na iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Asia haiwezi kutegemewa kwa nyoka wetu. Ukiwa kwenye kamati ya zahanati, waulize wanaoagiza dawa: hii ni ya nyoka wa wapi?

Jambo moja kwa wazazi, maana nimewaona wakigombana na wauguzi: mtoto hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima. Nyoka hakumpunguzia sumu kwa sababu ni mdogo.

Mwalimu_Baringo

Salamu kutoka Baringo, Kenya. Huku tunawajua hawa wanyama. Muuguzi, mbona hukutaja ile bendeji ndefu ya kuzungusha mguu mzima? Nimeona mtandaoni wakisema ndiyo huduma ya kwanza bora. Pia hukusema kitu kuhusu swila. Watoto wangu wawili darasani wametemewa mate machoni wakichunga mbuzi. Mmoja nyumbani walimtilia majani yaliyotwangwa, jicho likawa na kovu.

Na Mama Ufuta, ukitaka watu wa kuwauliza, kule Watamu kuna Bio-Ken, wanafuga nyoka na wanafundisha wahudumu wa afya. Nairobi, mtaa wa Karen, kuna kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka kwenye taasisi inayofuga nyani.

Muuguzi_Mstaafu

Mwalimu, bendeji hiyo ni ya Australia, na kwao inafaa kwa sababu nyoka wao wengi sumu yao inakimbilia mishipa ya fahamu. Huku anayeuma watu wengi ni kifutu, na yeye sumu yake inaozesha nyama pale pale. Ukiibana sehemu moja umeiongezea kazi. Isitoshe inataka mtu aliyefundishwa na bendeji yenyewe, na kijijini kinachopatikana ni kitenge. Mtu akianza kuzungusha kitenge atamalizia kwa kukaza. Banzi linatosha.

Swila asante kunikumbusha. Jicho lioshwe kwa maji mengi papo hapo, kope zikiwa wazi, bila kusugua. Mchungaji asiye na maji ila ana maziwa kwenye kibuyu, aoshee hayo hayo. Yanasafisha kwa kuwa ni majimaji, siyo dawa. Majani hapana, mate hapana. Kisha hospitali wakaangalie kama kioo cha jicho kimechubuka. Sumu ya jichoni haihitaji ile sindano, ila swila naye anauma, tena hupenda kuingia ndani usiku na kumkuta mtu amelala.

Na hapo ndipo ningeziweka dakika zako, Mama Ufuta, kuliko kwenye jiwe. Swila akiingia nyumbani amefuata panya, na panya amefuata gunia la mahindi lililoko chumbani. Kuku wanaolala uvunguni nao ni mwaliko. Kuni ziliegemezwa ukutani? Zihamishieni mbali na mlango, na anayechota kuni azitikise kwanza kwa fimbo. Watoto wanaolala mkekani wawekewe chandarua, na kichomekwe chini ya mkeka pande zote. Chandarua tulichopewa kwa ajili ya malaria kinazuia na nyoka.

Usiku kwenda chooni, tochi, hata ya simu ya kitochi. Watu wanakwambia kanyaga kwa kishindo nyoka atakimbia. Swila atakwenda zake, ndiyo. Kifutu hakimbii. Anajilaza katikati ya njia amefanana na majani makavu, anakungoja umkanyage. Kwa hiyo mwanga, na shambani gambuti, kwa sababu wengi wanaumwa chini ya goti. Najua gambuti ni joto na ni hela. Wa kufyeka avae, hata kama jozi moja inazunguka nyumba mbili.

Boda_wa_Dumila

Muuguzi hapo kwenye mishikaki nimekuelewa, ila trafiki wa kwetu ngoja uje umweleze mwenyewe 😂

Mama_Ufuta

Shikamoo Muuguzi, sasa naitoa rasmi. Asante mwalimu, asante boda.

Nimeongea na mama mkubwa leo mchana. Kasema mzee mwenyewe hajalala vizuri tangu yule kijana apate fimbo, kila akipita njiani anampisha kwa aibu. Hilo sikulijua. Kwa hiyo Jumamosi nakwenda na kilo ya sukari, na mganga mfawidhi wetu kakubali kunisindikiza. Hatutaomba jiwe. Tutaomba wembe na simu, kama ulivyosema. Na nataka nimwombe asimame yeye kwenye mkutano aseme mtu akiumwa aletwe kwake, na yeye ndiye ataita pikipiki. Mimi niseme habari za kuni, magunia na tochi. Akikataa kusimama sitamlazimisha, nitasema mwenyewe kwamba tumekubaliana naye.

Hospitali ya wilaya nitapiga simu kesho kuuliza kuhusu dawa, nijue kabla sijawaahidi watu kitu.

Kilichobaki ni usafiri. Simu ya mzee ni ya kitochi, namba zitaandikwa kwa mkaa ukutani juu ya kitanda chake. Boda, una wenzako wa huku bondeni wanaopokea simu saa nane za usiku?

Boda_wa_Dumila

Ninao wawili. Mmoja taa yake ya mbele imekufa tangu masika, huyo simtaji. Wa pili nakutumia inbox sasa hivi, mwambie nimesema asidai hela kwanza, watamalizana asubuhi.