Kikundi: Safari ya Köln (Cologne), Ujerumani, Ukoo wa Bi Mkubwa

Rehema: Assalaam aleikum. Tarehe zifungwe leo. Juma amependekeza 8 hadi 14 Novemba, haitafaa. Tarehe 11, saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, Köln wanafungua msimu wa Karneval, sherehe zao za mitaani. Mji wa kale haupitiki na vyumba vinapanda bei. Twende 13 hadi 19.

Juma: Likizo yangu inaisha 15.

Rehema: Ulisema wewe wakati wowote.

Mwanaidi: 👍🏾

Rehema: Mwanaidi, hilo dole ni la tarehe zipi?

Rehema: Haya, treni. Tunashuka Frankfurt. Uwanja wa ndege una stesheni mbili za treni, yetu ni ya masafa marefu, Fernbahnhof. ICE, treni ya kasi, mpaka Köln ni kama saa moja. Sasa sikilizeni: tiketi rahisi, Sparpreis, ni ya treni ileile uliyoandikiwa. Foleni ya pasipoti ikikuchelewesha, imekufa. Siku ya kufika tukate Flexpreis, unapanda treni yoyote ya siku hiyo; Sparpreis tuiweke ya kurudi.

Juma: Flexpreis watu wanane! Hizo ni mbuzi wangapi?

Rehema: Ni chache kuliko kukata tiketi mara mbili. Halafu ICE nyingine hazifiki stesheni kuu, zinasimama Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya mto Rhine. Msibabaike, pandeni S-Bahn, treni ya mjini, kituo kimoja tu.

Rehema: Malazi pia natafuta hukohuko Deutz. Ila kukiwa na maonyesho ya biashara bei zinaruka, kwa hiyo kalenda ya Messe, yaani uwanja wa maonyesho, inaangaliwa kwanza. Ongezeni asilimia 5 ya kodi ya jiji. Na nyumba nyingi za zamani hazina lifti. Kama tangazo halikuandika Aufzug, yaani lifti, tusilipe.

Mjomba Hamisi: Na hiyo bia yao nasikia ina utaratibu wake?

Rehema: Kölsch, Mjomba. Glasi ya sentilita 20. Ikiisha mhudumu analeta nyingine bila kuuliza, anapiga mstari kwenye kile kikadi cha chini ya glasi. Ukitosheka unaifunika glasi kwa kikadi.

Mjomba Hamisi: Changu kitapotea 😂

Seif: 😂😂 Mistari mpaka nyuma ya kikadi

Fatma: Mbebeeni sahani ya kufunikia!

Rehema: Jamani, nazungumzia chakula cha Bibi. Himmel un Ääd asiagize mtu: ni viazi vya kuponda na tufaha, lakini inakuja na soseji ya damu ya nguruwe. Reibekuchen ni viazi vilivyokunwa na kukaangwa, huliwa na tufaha la kusagwa. Ulizeni tu mafuta yamekaangia nini. Migahawa ya Kituruki iko Weidengasse, kama dakika kumi kwa miguu toka stesheni kuu, na Keupstraße kule Mülheim. Msikiti Mkuu uko Ehrenfeld, tramu 3 au 4, shukeni Piusstraße.

Rehema: Dom, lile kanisa kuu: mnara wa kusini una ngazi 533, za kuzunguka, nyembamba, anayepanda na anayeshuka wanabanana ukutani. Lifti hakuna. Bibi tumpeleke jengo la KölnTriangle, Deutz, mita 103, kuna lifti. Tena huko ndiko unaiona Dom nzima na minara yake ya mita 157. Ukiwa juu ya Dom, Dom yenyewe huioni. Masanduku makubwa hayaingii kanisani, yaacheni kwenye makabati ya stesheni, ni hapohapo.

Fatma: Kweli waliijenga miaka 600?

Rehema: Walianza 1248, wakamaliza 1880. Karne ya 16 kazi ilisimama, winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara zaidi ya miaka 300.

Juma: Kama nyumba ya Pongwe 😂

Seif: Pongwe usiichekee. Mabati nani aliyauza?

Juma: Seif usianze.

Seif: Nimeuliza tu.

Rehema: Hapa ni Köln. Pongwe ina kikundi chake.

Fatma: Niko na Bi Mkubwa, anasema niandike hivi: "Mabati yalikuwa yangu. Juma na Seif, sipandi ndege na nyinyi mpaka mje hapa barazani mkae mbele yangu. Na mimi ngazi sizitaki. Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akifungua redio ikisema inatoka Cologne. Nataka kuiona hiyo redio."

Mjomba Hamisi: Sawa, Mama.

Rehema: Shikamoo Bibi. Redio hiyo, Deutsche Welle, ilihamia mji wa Bonn mwaka 2003. Toka Köln ni kama nusu saa kwa treni ya mkoa. Nje tutafika, kuingia ndani ni mpaka kuomba mapema. Nitaandika leo.

Rehema: Viza: ombi halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, msije mkakimbilia sasa mkarudishwa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima isipungue yuro 30,000, iandike nchi zote za Schengen. Picha za pasipoti nizipate Ijumaa.

Mwanaidi: Samahani nilikuwa kazini. Jumapili maduka wazi?

Rehema: Yamefungwa, isipokuwa ya ndani ya stesheni kuu. Tarehe je?

Mwanaidi: Zozote. Kwani si tumekubaliana 8?

Rehema: 13! Nimeshika vyumba vinne Deutz, kufuta ni bure mpaka 20 Oktoba. Majina ninayo sita. Juma na Seif bado.

Juma: Seif, uko nyumbani jioni?